Tumbo la sungura huchelewa kufika

Jumanne ya wiki iliyopita tulipokea sungura 12 weupe wa aina ya New Zealand White, majike watupu. Chumba nilikuwa nimeshakiandaa tangu juzi yake: vizimba vimeoshwa vikakauka, joto nyuzi 19, kila kizimba kina nyasi kavu na kisanduku cha kujifichia. Kazi hii ya kuhudumia wanyama wa maabara nimeifanya miaka 11, na bado usiku wa siku ya mapokezi silali vizuri. Sungura huugua kimya. Ni mnyama wa kuwindwa, ameumbwa kuficha udhaifu wake, na akikuonyesha kwamba anaumwa ujue ameshaumwa muda.

Nilianza na mizani. Kila mmoja nilimwinua kwa mkono mmoja chini ya kifua na mwingine ukibeba makalio, kwa sababu sungura akirusha miguu ya nyuma hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Kisha pua, macho, meno ya mbele, sehemu ya nyuma. Ndani ya masikio natafuta magamba ya kahawia ya utitiri. Halafu nageuza miguu ya mbele, jambo ambalo wengi hulisahau. Sungura mwenye mafua hujipangusa pua kwa mikono, kwa hiyo unaweza kukuta pua safi kabisa huku manyoya ya upande wa ndani wa miguu yameshikamana kwa kamasi kavu. Hawa walikuwa safi. Wawili walikojoa mkojo mwekundu na kijana ninayemfundisha akashtuka. Tuliupima kwa karatasi ya kipimo, hakuna damu. Mkojo wa sungura huweza kuwa wa njano, wa rangi ya chungwa, hata mwekundu, na mnyama akawa mzima.

Karantini yetu ni siku 14. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu jembe hilo husubiri siku ya 15. Wengi huona karantini ni ya kuwalinda sungura wa zamani dhidi ya Pasteurella (bakteria wa mafua ya sungura), koksidia (vimelea vya utumbo) na utitiri wa wageni. Ni kweli, na ndiyo maana chumba hicho nakiingia mwisho baada ya vyumba vyote, kwa koti na buti zake, na ufagio wake hautoki mle. Lakini kwangu nusu ya karantini ni haki ya mgeni mwenyewe. Sungura ameshashuka kwenye gari, tumbo lake bado liko njiani.

Sungura humeng'enya chakula kwa msaada wa vijidudu vinavyoishi kwenye mfuko mkubwa mwanzoni mwa utumbo mpana, na vijidudu hivyo vimezoea chakula cha kule alikotoka. Ukimbadilishia ghafla, hasa ukimpa wanga mwingi na nyuzinyuzi chache, vile vinavyomfaa hupungua na vya jamii ya Clostridium huzaliana na kumwaga sumu. Naye hawezi kutapika. Mwaka wangu wa pili kazini nilipoteza wawili hivyo. Niliwajazia bakuli chakula kipya cha punje siku ileile waliyofika, nikiamini nawakaribisha vizuri. Nawakumbuka mpaka leo.

Siku hizi naomba waje na mfuko wa chakula walichokuwa wakila. Siku ya kwanza ni nyasi kavu na maji tu. Kesho yake gramu 50 hivi za chakula chao, kisha nachanganya chetu kidogo kidogo: robo, nusu, robo tatu, mpaka siku ya 10 au zaidi kidogo. Majani mabichi hapana kwa wiki hizo mbili. Nyasi kavu hazikatiki usiku wala mchana, maana ndizo zinazosukuma utumbo na kusaga meno yanayoota takriban milimita 2 kila wiki. Na mlangoni nimebandika onyo kwa maandishi makubwa: amoxicillin, ampicillin na clindamycin hazipiti mdomoni mwa sungura. Dawa hizo huua vijidudu vya tumboni, na sungura hufuata.

Siku ya pili asubuhi namba 7 alikuwa hajagusa nyasi. Kwenye trei yake vinyesi vichache, vidogo, vigumu. Mimi trei huisoma kabla ya kumtazama mnyama, na hiyo ilinitosha kumpigia daktari wa mifugo, maana sungura aliyekaa nusu siku bila kula ni dharura. Nikimsubiri, nikatazama chupa ya maji. Ilikuwa palepale nilipoweka alama jana.

Waliotuletea sungura nilikuwa nimewauliza kila kitu kuhusu chakula, maji sikuuliza. Kule walikotoka walinyweshwa kwa bakuli, kumbe; namba 7 hakujua kuwa kile kigololo mdomoni mwa chupa husukumwa kwa ulimi. Sungura asiyekunywa huacha kula. Nilimwekea bakuli zito la udongo, akanywa muda mrefu bila kuinua kichwa. Daktari alimwongezea maji chini ya ngozi, na jioni akavuta nyasi. Nilikagua chupa zote nikakuta wengine wawili hawajanywa. Sasa fomu yetu ya mapokezi ina swali jipya: walikuwa wakinywa kwa chombo gani, chupa au bakuli?

Leo asubuhi vinyesi vya namba 7 ni vikubwa, vya mviringo, ukivifikicha vinakuwa makapi makavu ya nyasi. Alfajiri nilimkuta ameinama akila kile kinyesi laini, ambacho sungura hukila tena ili kupata virutubisho vilivyobaki, moja kwa moja kutoka nyuma, kama sungura mzima anavyopaswa kufanya. Bakuli nimemwachia, na chupa inaning'inia kando yake. Nimemwona mara mbili akiigusa kwa pua.