Nilivyochagua huduma ya kutuma mafaili: swali la kwanza ni ufunguo anao nani

Karibu kila huduma ya kutuma mafaili mtandaoni hujitangaza kuwa inasimba mafaili, yaani inayageuza yasisomeke na yeyote asiye na ufunguo wa kuyafungua. Tangazo hilo peke yake halikunisaidia kuchagua, kwa kuwa kusimba kupo kwa namna tatu. Namna ya kwanza hulinda faili likiwa njiani kati ya kivinjari na seva. Ya pili hulilinda likiwa limelala kwenye diski za kampuni, ili anayeiba diski asiambulie kitu. Katika hizo mbili ufunguo anao mwenye huduma, kwa hiyo mfanyakazi wake, mdukuzi aliyeingia kwenye mfumo au mamlaka yenye amri ya mahakama anaweza kufikia yaliyomo. Mimi nilitaka ya tatu: faili lifungwe kwenye kifaa changu, lifunguliwe kwenye kifaa cha mpokeaji, na seva ya katikati ibebe kitu isichoweza kukisoma.

Kujua kama ahadi hiyo ni ya kweli si lazima uwe mhandisi. Fungua akaunti, pakia faili lisilo na thamani, kisha bonyeza "nimesahau nywila". Ukiweka nywila mpya kwa kutumia barua pepe tu, bila ufunguo wa akiba uliopewa mwanzoni na bila kifaa kingine ambacho tayari kimeingia, na faili bado linafunguka, basi kampuni inao ufunguo wako. Dalili nyingine ni seva kutafuta maneno yaliyomo ndani ya nyaraka zako au kuzikagua virusi, kwani haiwezi kuyafanya hayo bila kuzisoma.

Kwa huduma za kiungo kisichohitaji akaunti, tazama anwani yenyewe. Nyingi za zile nzuri huweka ufunguo baada ya alama ya #, na kivinjari hakipeleki sehemu hiyo kwa seva. Futa kila kilicho baada ya # kisha ufungue kiungo kwenye dirisha la faragha: faili likipakuliwa na kusomeka kama kawaida, sehemu ile haikuwa ufunguo. Hapo ndipo watu wengi hukwama bila kujua sababu, maana programu nyingine ya ujumbe hukata anwani ndefu na mpokeaji huambiwa faili limeharibika, kumbe amepokea kiungo kilichokatika. Na kwa kuwa kiungo kizima ndicho ufunguo, yeyote anayekipata amepata faili. Huwa naongeza nywila na kuipeleka kwa njia tofauti: kiungo kwa barua pepe, nywila kwa simu ya sauti.

Usiri wa namna hii nao una mipaka. Mwaka 2022 watafiti wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, walionyesha kuwa mtu anayedhibiti seva za MEGA, huduma iliyojulikana kwa usimbaji wa aina hii, angeweza kuupata ufunguo wa siri wa mtumiaji baada ya mtumiaji huyo kuingia kwenye akaunti mara 512. Kampuni ilitoa marekebisho. Kwangu hilo halikuwa sababu ya kuacha usimbaji wa aina hii, bali sababu ya kupendelea huduma ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayounda programu yenyewe, uko wazi na umekaguliwa na watu wa nje. Vilevile, ukitumia kivinjari, msimbo unaofunga faili unaletwa upya na seva ileile kila unapofungua ukurasa. Kwa nyaraka nyeti kweli, programu iliyosakinishwa ni bora kuliko ukurasa wa wavuti.

Kuhusu kutegemeka, huduma ya kutuma mafaili ya Firefox Send ni mfano ninaoukumbuka kila mara. Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, waliizindua rasmi Machi 2019, ilikuwa na usiri mzuri na ilikuwa bure, lakini ilisimamishwa Julai 2020 baada ya wahalifu kuitumia kusambaza programu hasidi, na Septemba mwaka huohuo ikatangazwa kuwa haitarudi. Huduma ya bure inayokubali faili la mtu asiyejulikana iko kwenye hatari hiyo daima. Kwa hiyo huduma ya kutuma ninaichukulia kuwa ya kusafirishia tu, na nakala halisi hubaki kwangu.

Mafaili makubwa ndiyo yanayofichua udhaifu. Kasi ya intaneti hutajwa kwa megabiti, faili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Faili la gigabaiti 2 ni megabiti 16,000. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 4 kwa sekunde litachukua sekunde 4,000, yaani zaidi ya saa moja. Katika muda huo mtandao utakatika au simu itazima skrini. Huduma isiyoweza kuendelea pale ilipoishia itakurudisha mwanzo, na umelipia data mara mbili. Jaribio ni rahisi: katikati ya kupakia, zima mtandao kwa dakika moja, uwashe, uone kinachotokea. Fanya hivyohivyo upande wa kupakua.

Kisha linganisha faili lililofika na lililotoka kwa SHA256, hesabu inayolipa kila faili alama yake ya utambulisho. Fungua dirisha la amri la kompyuta kwa kila faili. Kwenye Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Kwenye Linux ni sha256sum na kwenye Mac ni shasum -a 256. Herufi na tarakimu 64 zinazotokea lazima zilingane zote. Zisipolingana, faili limekatika au huduma imelibadilisha, kama zinavyofanya zile zinazopunguza ubora wa picha bila kukuuliza.

Jaribu pia kufuta. Weka muda mfupi kabisa unaoruhusiwa wa kiungo kudumu, uache upite, kisha fungua kiungo uone kama kweli hakifanyi kazi tena. Ukiweka kikomo cha upakuaji mmoja, kumbuka kuwa mifumo inayokagua barua pepe hufungua viungo kabla ya mpokeaji. Kama kiungo kinapakua moja kwa moja bila kubonyeza kitufe, nafasi hiyo moja inaweza kuisha kabla hajaiona. Mimi huweka tatu.

Baada ya majaribio hayo nimebaki na njia mbili. Mpokeaji akiwa mtandaoni wakati uleule natumia programu ya Magic Wormhole: mtumaji anapata namba na maneno mawili, anamtajia mpokeaji kwa simu, na faili linapita bila kuhifadhiwa popote. Anayebahatisha maneno hayo ana nafasi moja kati ya 65,536, na akikosea uhamishaji unavunjika. Mpokeaji asipokuwepo, nalifunga faili kwanza kwa programu ya 7-Zip, muundo wa 7z, nywila ndefu, na kisanduku cha kusimba majina ya mafaili kikiwa kimewekwa alama, kwa sababu zip ya kawaida huacha majina yakisomeka hata ikiwa na nywila. Hapo naweza kulipitisha kwenye huduma yoyote inayopita jaribio la kukatika kwa mtandao. Kabla ya kutuma namuuliza mpokeaji kama ana programu ya kufungua 7z, hasa akiwa anatumia simu.