Fomu Yenye Nafasi ya Jina Moja

Chuo chetu kilipoanzisha tuzo ya ufundishaji bora, mkuu wa idara alinitaka niiombe kwa ajili ya kozi ya mbinu za utafiti ya mwaka wa kwanza, nami nikamjibu kwamba kozi ile haikuwa yangu peke yangu. Tulikuwa wanne: mhadhiri mwenzangu wa takwimu, mkutubi, fundi sanifu wa maabara na mimi. Tulitunga maswali pamoja, tukahudhuria vipindi vya wenzetu, na kila mtihani ulisahihishwa na watu wawili waliokwisha kukubaliana juu ya vigezo. Fundi sanifu, ambaye jina lake halikuwahi kuonekana kwenye orodha ya wakufunzi, ndiye aliyegundua kwamba wanafunzi tuliodhani hawajui kemia walikuwa hawajui kusoma majedwali ya vipimo. Tangu hapo ratiba ya muhula mzima ikapanguliwa, takwimu ikatangulia maabara.

Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja, nasi tukabana humo majina manne. Kamati ikatuita, na mjumbe mmoja akauliza kwa upole kila mmoja wetu alifanya asilimia ngapi ya kazi. Mwenzangu wa takwimu, ambaye kwa kawaida hakuna anayempita kwa kupenda asilimia, alikataa katakata kuzitaja. Aliuliza ni kwa nini makala ya utafiti yenye waandishi sita humfaa kila mmoja wao anapoomba kupandishwa cheo, ilhali kozi yenye walimu wanne hugawanywa kama mirathi. Nikaongeza kwamba Uingereza, iliyoanza kuwatuza walimu wa vyuo vikuu mmoja mmoja kitaifa mwaka 2000, ilianzisha mwaka 2016 tuzo nyingine mahususi kwa timu. Mwenyekiti hakuvutiwa na mfano huo; alitaka ushahidi, na nadhani ilikuwa haki yake. Tukampa mihtasari ya vikao vyetu na matoleo yote ya mitihani, yakiwa na masahihisho ya kila mmoja.

Barua ya ushindi ilitaja jina langu “na wenzake”. Tuliirudisha, ikaandikwa upya kwa majina yote manne. Hata hivyo, ofisi ya utumishi ilikataa kuiweka katika jalada la fundi sanifu, kwa maelezo kwamba kada yake haifundishi, ikabidi tuandike barua nyingine.