Madaraja Matano na Koti la Mitumba

Tanga mjini hakuna mlima. Toka Raskazone alfajiri, pita Bombo, ingia Ngamiani uzimalize barabara zote za namba, mguu wako bado hautajua kupanda ni nini. Nami nilikuwa nimechaguliwa kwenye bahati nasibu ya marathoni ya New York: kilomita 42.195, madaraja matano. La kwanza, Verrazzano, ndipo mbio zinapoanzia, na kilele chake ndicho mahali pa juu kuliko pote katika njia nzima. Yaani unaanza kwa kupanda, mwili haujapata hata jasho.

Habari za viza na nauli nizipite haraka. Walimu wenzangu kwenye mchezo wetu wa kuchangiana fedha walikubali nipokee wa kwanza, na mtoto wa shangazi anayeishi New Jersey alinipa kitanda na chapati. Mungu awalipe.

Milima niliifuata Mombo. Mara nne nilipanda basi Jumamosi, nikalala kwa ndugu, na Jumapili kabla jua halijatoka nikaianza ile barabara ya Lushoto, kona kwa kona, mpaka Soni. Mwalimu wangu wa mbio ni mzee mmoja wa Chumbageni aliyekimbia zama za Juma Ikangaa. Ikangaa alishinda New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, na rekodi hiyo ya njia ilidumu hadi 2001. Mzee akilitaja jina hilo hujiweka sawa kwenye kiti. Mimi alinipa neno moja tu: "Mwanangu, kupanda kusikutishe, kushuka kusikudanganye."

Kitu ambacho Mombo haikunifundisha ni baridi. Watu wote wanavushwa mapema hadi Staten Island, kisha mnasubiri saa kadhaa uwanjani, nje, kwenye majani yenye umande, kila kundi na zamu yake. Niliambiwa nivae nguo ambayo sitajali kuiacha, kwa kuwa zinazovuliwa pale hukusanywa na kupewa wahitaji. Basi nikanunua koti zito kwenye mitumba pale Ngamiani, shilingi 4,000. Zipu ilikuwa inashika nusu. Ndani ya kola mtu alikuwa ameandika herufi mbili kwa kalamu ya wino, R.M., mwandiko wa mama anayemwandikia mtoto jina asipoteze nguo shuleni. Nililivaa koti hilo kwenye kivuko, nikatandika kanga yangu majanini, nikakaa nimejikunyata na tende zangu mfukoni. Zamu yetu ilipoitwa, nikalivua na kulikunja kabla ya kulitia kwenye pipa. Wengine walikuwa wanatupa tu, lakini mimi sikuweza. Lilitoka nchi ile ndani ya robota, likavuka bahari hadi kwetu, na sasa nalirudisha kwa mikono yangu. Kanga niliifunga kiunoni, hiyo haikuwa ya kuachwa.

Usiku wa kuamkia siku hiyo saa za kule zilikuwa zimerudishwa nyuma kwa saa moja, kama wafanyavyo kila mwaka baridi inapokaribia, kwa hiyo tofauti na nyumbani ilikuwa saa nane kamili. Mzinga ulipolia ilikaribia saa tano asubuhi. Tanga saa moja ya usiku ilikuwa inakaribia, mama ameshaswali magharibi na wanangu wamekaa kando yake na simu. Kwenye programu ya mbio mkimbiaji anaonekana kama kidoti kinachotembea juu ya ramani.

Verrazzano nilipanda kwa hatua fupi. Watu walinipita kwa mamia, nikawaacha wapite. Kushuka ndipo nilipomkumbuka mzee, maana miguu ilitaka kukimbia yenyewe. Na ukitoka darajani unaingia Brooklyn. Sijawahi kusikia kelele kama zile. Ngoma, kengele, watoto wamenyoosha viganja uwapige, na kifuani nimeandika TANZANIA kwa herufi kubwa, basi kila mtu anakuita kwa jina la nchi yako kana kwamba umetumwa na taifa zima. Hapo ndipo wengi wanapoumaliza mwili wao, kwa raha. Nilijizuia kilomita baada ya kilomita, nikitazama saa ya mkononi kuliko nyuso za watu, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyofanya siku ile. Nusu ya njia, kwenye daraja la Pulaski, nilifika kwa saa 2 na dakika 21. Nilikuwa mbele kidogo ya mpango wangu, na kidogo hicho nilikuja kukilipa.

Daraja la Queensboro halina watazamaji. Baada ya kelele zote zile unasikia nyayo tu na pumzi za watu, na njia inapanda taratibu bila mwisho kuonekana. Nililipenda. Ilikuwa kama Soni alfajiri. Nikala tende mbili na chumvi kidogo niliyoifunga kwenye karatasi, na nilipoteremka First Avenue na kukutana tena na watu nilikuwa nimetulia.

Kilomita ya 32 unaingia Bronx, na muda si mrefu unarudi Manhattan kwa daraja la tano. Nilidhani kupanda kumekwisha. Kumbe Fifth Avenue nayo inapanda, kidogo kidogo, kwa namna ambayo macho hayaoni ila mapaja yanajua. Paja la kulia lilikakamaa. Mzee mmoja wa kujitolea alinipa maji ya kikombe, akanishika bega bila kusema kitu. Nikatembea. Nikakimbia hatua mia, nikatembea hamsini, nikihesabu kwa sauti, mpaka nikaona miti ya Central Park.

Nilimaliza kwa saa 4 na dakika 58. Walinivisha medali na joho la kukinga baridi, na niliposogea pembeni kupiga simu nyumbani, kule Tanga ilikuwa karibu saa sita usiku. Mama alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Bado."

"Mbona kidoti chako kilisimama pale karibu na kilomita ya 40? Kilikaa muda mrefu. Nikasema huyu kaanguka, na watoto nikawaamsha tukaomba dua."

"Sikusimama, mama. Nilikuwa natembea."