Ninavyowatambua matetea na mapora kabla hawajawika

Hapa Singida kuku wa kienyeji ni biashara kubwa, na wanunuzi wanaowapakia kwenye matenga kwenda Dodoma na Dar es Salaam hawana shida na jinsia: kuku aliyekomaa anajionyesha mwenyewe. Mteja wangu mgumu ni jirani anayeanza kufuga. Yeye anataka matetea, yaani majike ambao hawajaanza kutaga, wa miezi mitatu akawalee mpaka watage, na nusu yao wakija kuwika bandani kwake, mimi nimempoteza. Kwa ajili ya huyo nilijifunza kumsoma kuku angali mdogo.

Kifaranga wa siku moja simgusi. Wapo mafundi wanaombinya na kumtazama kwenye tundu la haja wakajua papo hapo. Ufundi huo ulikuzwa Japani miaka ya 1920, na asiye na mkono uliozoea humuumiza kifaranga. Ipo pia njia ya bawa, ambapo jike huwahi kuota manyoya marefu na dume huchelewa, lakini hiyo hutegemea wazazi waliochaguliwa makusudi ili watoto watofautiane hivyo. Vifaranga wangu wana asili mchanganyiko, bawa haliniambii kitu. Na yale ya kwamba yai lililochongoka hutoa jogoo, si kweli hata kidogo. Kwa kuku, jinsia hutoka kwa mama, na huwa imeshaamuliwa kabla ganda halijaanza kujengeka juu ya yai.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni uzi na daftari. Kila kifaranga ninayemshuku kuwa dume namfunga uzi mwekundu mguuni, jike mweupe, naandika, kisha kila wiki naulegeza kwa sababu mguu unanenepa. Bila alama, wiki ijayo hujui ni yupi uliyemtazama, na unajikuta unakisia upya kila siku.

Kati ya wiki ya 5 na ya 8 naangalia upanga, ile nyama ya juu ya kichwa. Wa pora, yaani dume mchanga, huinuka, hupanuka chini na kugeuka waridi, halafu mwekundu, na ndevu zinaanza kuning'inia chini ya mdomo. Wa tetea hubaki mdogo na wa manjano kwa muda mrefu. Hukolea anapokaribia kutaga. Miguu ya pora ni minene zaidi, na mara nyingi mgongo na mabega yake hukaa wazi wakati dada zake wameshafunikwa. Ila haya yote ni ya kulinganisha. Lazima uwaweke pamoja walioanguliwa siku moja, wa aina moja, wanaokula chakula kimoja. Pora aliyedumaa kwa minyoo hufanana kabisa na tetea.

Halafu kuna kuchi, aina mojawapo ya kuku wetu wa kienyeji. Kuku huyu nampenda sana, lakini kwenye jambo hili anasumbua. Upanga wake ni mdogo, umelala kichwani kwa madume na kwa majike vilevile, na tetea wa kuchi husimama wima kwa miguu mirefu minene mpaka mtu akaapa ni jogoo. Kwa kuchi sisemi neno mpaka manyoya yabadilike.

Manyoya ndiyo ninayoyaamini. Kuanzia wiki ya 10 hivi, na kwa wengine mpaka ya 14, namshika kuku asubuhi mlangoni pa banda penye mwanga, nafunua manyoya ya kiunoni, pale mgongo unapokutana na shina la mkia. Ya jike yana ncha za mviringo. Ya dume mapya yanachomoza membamba, yamechongoka, yanang'aa, na baadaye yananing'inia pande zote mbili. Shingoni ni hivyo hivyo, isipokuwa kwa kishingo ambaye hana manyoya hapo. Kwake nategemea kiuno tu. Nikiona hata matatu yaliyochongoka, uzi mwekundu unabaki.

Kuku wenye mistari myeusi na myeupe, wakiwa wa asili safi, ni rahisi zaidi. Dume wao hubeba vinasaba viwili vya mistari na jike kimoja, kwa hiyo dume huwa mweupe zaidi kwa jumla, jike ameiva weusi.

Tabia siipi uzito. Matetea wadogo nao hutunishiana vifua na kurukiana. Kuwika ni ushahidi mzuri, lakini pora anayeishi na jogoo mkubwa anaweza kunyamaza kwa miezi kwa kumwogopa.

Nikishawatambua, mapora wanahamia banda lao na kula mahindi ya kuparaza, dagaa na mashudu ya alizeti. Siwaachi kwenye chakula cha kuku wanaotaga, kwa sababu kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, wakati kuku anayekua anahitaji kama asilimia 1 tu, na ile inayozidi huharibu figo. Nabakiza dume mmoja kwa majike kumi, mwenye mwili mkubwa na miguu iliyonyooka. Wengine ni wa nyama. Na yule ambaye kiuno chake bado hakijasema, hata mteja akibembeleza na pesa mkononi, namwambia arudi baada ya wiki mbili.