Chumvi ya Bibi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumamosi nilikuwa msibani. Mwili ulikuwa bado haujafika, watu wamekaa kimya, mara bibi mmoja pale mkekani akaanzisha, bila kinanda wala kipaza sauti: Tukutendereza Yesu, yaani Tunakusifu Yesu. Mimi ni Mhaya wa Bukoba, Kiganda sikijui zaidi ya maneno ya pambio hilo, lakini nilidaka sauti ya pili kabla sijajitambua, na machozi yakanitoka. Jirani yangu akanipa leso, akidhani namlilia marehemu. Wakati huo akili yangu ilishafika jikoni kwa bibi yangu.

Bibi aliokoka katika ule uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, na Uganda, baada ya Mganda Simeoni Nsibambi na daktari mmisionari Joe Church kukutana Kampala mwaka 1929 wakaomba pamoja. Moto ule ulivuka mpaka ukafika kwetu. Ndiyo maana hadi leo hata Mkikuyu analiimba pambio lile kwa Kiganda. Wazee wale walikuwa na desturi: mtu anasimama, anaungama na kulitaja jambo lenyewe kwa jina lake, na ndugu wanampokea kwa wimbo huo.

Sasa, siku moja bibi alikuwa anamenya ndizi huku anaimba. Alipofika pale kwenye damu inayosafisha, akanyamaza. Akaweka kisu chini, akajifuta utomvu, akanishika mkono hadi kwa jirani. "Jana ulituma mtoto kuomba chumvi, nikasema sina. Nilikuwa nayo." Akafungua kifundo cha khanga, akaitoa. Tukarudi, akachukua kisu, akaendelea na wimbo palepale alipoukatia. Nilikuwa na miaka kama saba, na nilimwonea aibu. Kujidhalilisha hivyo kwa ajili ya chumvi!

Someni Kumbukumbu la Torati 31. Musa anakaribia kufa, na Mungu anamwambia aandike wimbo, awafundishe Waisraeli, auweke vinywani mwao. Anajua watafika kwenye maziwa na asali, watakula, watashiba, watanenepa, kisha watamsahau. Siku hiyo wimbo utasimama kuwa shahidi juu yao. Hebu fikirini: shahidi anayekaa kinywani mwako mwenyewe! Unamlisha miaka arobaini hujui anangoja nini.

Ndugu zangu, sisi nyimbo za zamani tumezigeuza kiburudisho. Tumeziweka kuwa mlio wa simu. Kila Jumapili tunalalamika kwamba vijana wamezitupa tenzi, wanataka magitaa na kurukaruka. Mzee mwenzangu, kijana alikuona lini ukikatiza wimbo katikati ukaenda kutengeneza na mtu? Kama hajawahi kukuona, amerithi nini cha kutunza? Usimlaumu kwa kuacha sauti tupu. Tunaimba beti zote nne kwa macho yaliyofumbwa, halafu tunatoka kwa milango miwili ili tusikutane na yule tusiyesemezana naye. Naandika "tunaimba", nami nimo.

Kwa sababu mwezi uliopita mdogo wangu wa kike alinipigia, mtoto wake amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya ada. Nikamjibu, "Dada, mwezi huu hali ni ngumu, sina kitu." Nilikuwa nacho. Nilikuwa nimekitenga kwa ajili ya mabati, na mabati hayakuwa na haraka. Nililala vizuri usiku ule, wapendwa, msidhani dhamiri ilinisumbua. Ilinisubiri mkekani Jumamosi. Wale mabibi walipofika pale pa damu inayosafisha, sauti ilinikauka. Niliona kisu cha bibi kikiwekwa chini.

Ilinichukua hadi Alhamisi kupiga simu. Siku tano kwa kitu ambacho bibi alikimaliza kabla ndizi hazijabadilika rangi. Nikamwambia, "Ile siku nilisema sina. Nilikuwa nayo." Akanyamaza muda mrefu, nikasikia kelele za sokoni nyuma yake. Kisha akasema, "Mtoto alisharudi shule, kaka. Nilikopa kwenye kikoba."

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumuuliza. Nilimuuliza riba ni kiasi gani na marejesho ni lini. Ni Jumanne. Mabati yatangoja.