Siku Ammi Alipoingia Ngomeni

Ammi aligoma mlangoni mwa Ngomeni, yaani Fort Jesus ya Mombasa. Tikiti zimeshakatwa, wazee wenzake wameshaanza kupanda ule ushoroba wa giza wa kuingilia ndani, yeye akaegemea bakora yake na kusema, "Ingieni nyinyi. Mie nitawangoja hapa kivulini."

Nilidhani ni goti. Goti lake la kushoto ndilo lililotuchelewesha kwenye feri asubuhi ile, tukaachwa na ya kwanza.

Hiyo ilikuwa 2014. Kikundi cha wazee cha mtaani kwetu Likoni, mamangu akiwa mshika fedha, kilikuwa na mchango wa kila mwezi wa maziko na maradhi, na kilichobaki kikibaki walikwenda "kutembea". Tulikuwa tumeshakwenda Gede, ambako kima alimpokonya bibi mmoja ndizi mkononi naye akamtukana matusi ambayo sikujua anayajua. Tukaenda Jumba la Mtwana, tukakaa zaidi chini ya mibuyu kuliko kwenye magofu. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu vichwa, kubeba maji na vidonge vya presha, na kujua choo kiko wapi kabla hajauliza mtu. Historia haina shida, iko pale pale inakungoja. Shida ni choo kisicho na ngazi.

Nilipotaja Ngomeni walinicheka. "Ngomeni? Si tunaipita kila tukienda mjini?" Nikauliza ni nani aliyewahi kuingia ndani. Wakatazamana. Watu wa miaka sabini na kitu, wamezaliwa na kukulia Mombasa, na aliyeingia ni mmoja tu, tena alipelekwa na shule.

Basi nikamrudia Ammi pale mlangoni nikamwambia ndani kuna mahali pa kukaa, na tutakwenda polepole. Akanitazama kama anayepima kama nafaa kuambiwa.

"Si goti, mwanangu. Babangu alifungwa humu."

Ammi ni mdogo wake marehemu baba. Yaani aliyefungwa ni babu yangu mzaa baba, fundi wa mashua ambaye nyumbani tulimjua kwa mambo mawili: randa yake, ambayo bado tunayo, na swala yake ya alfajiri. Habari ya jela sikuwa nimeisikia hata kwa kunong'onezwa.

Sikumshawishi. Aliyemuingiza ni mamangu. Alirudi kuangalia kulikoni, akamkuta shemejiye amesimama vile, akamshika mkono bila kumuuliza neno. "Twende, shemeji. Leo tumelipa."

Kijana tuliyempata nje atutembeze alikuwa mjuzi, na sauti anayo, jambo kubwa kwa wazee wenye masikio mazito. Akatueleza Wareno walivyoanza kuijenga 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Akatueleza Waomani walivyoizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Hapo mamangu akaingilia: "Miaka mitatu kasoro! Wakila nini?" Kijana akasema vyakula vililetwa kwa bahari kwa kubahatisha, na waliouawa na maradhi ni wengi kuliko waliouawa vitani. Akatuonyesha michoro ya merikebu iliyochorwa ukutani na mabaharia wa Kireno, na mifupa ya nyangumi ambayo wazee waliipenda kuliko vitu vyote. Bibi mmoja alizunguka ile mifupa mara mbili, akauliza nyama yake ilikwenda wapi.

Halafu, tukiwa tumesimama uwanjani juani, akasema: "Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 mpaka 1958, na 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Sasa tupande huku tukaone mizinga."

"Ngoja," Ammi akasema. "Jela yenyewe ilikuwa wapi?"

Kijana akageuka. Akasema vyumba vya wafungwa vilijengwa humu humu uwanjani, na jela ilipoondoka wataalamu wakachimba kutafuta mambo ya kale zaidi. Akatuonyesha kwa mkono, huku na huku. Palikuwa na majani, mawe, na mtalii mmoja anajipiga picha.

Ammi akasogea mpaka ukutani. Ukuta ule ukiutazama kwa karibu si jiwe moja tambarare kama unavyoonekana kutoka barabarani. Ni vipande vya matumbawe vyenye matundu matundu kama mkate wa kumimina, na chokaa imejaa katikati. Akaweka kiganja chake pale, akaanza kuzungumza akiuelekea ukuta, ikabidi tusogee.

Ilikuwa 1951, yeye ana miaka kumi na mitatu. Babu hakulipa kodi ya kichwa, mashua aliyoitengeneza mwenyewe hajalipwa. Wakamchukua miezi miwili. Nyumbani wakaambiwa watoto kwamba baba amekwenda Lamu kazini. Siku moja Ammi alitumwa mafuta ya taa mjini, akakuta wafungwa wanafagia barabara, askari nyuma yao. Mmoja akifagia kwa mkono wa kushoto.

"Kwetu mtu wa shoto alikuwa mmoja tu," akasema.

Babu aliinua uso. Wakaonana. Kisha babu akageukia upande wa pili akaendelea kufagia, na Ammi akapita na chupa yake ya mafuta kama hamjui. Babu aliporudi nyumbani alileta halua, akasema ni ya Lamu. Wote wakaila. Mpaka anakufa hakuna aliyelitaja jambo lile, ila babu tangu hapo akienda mjini alizunguka mbali, asipite mbele ya Ngomeni.

Hakuna aliyesema "pole". Mzee mmoja aliyekuwa kuli bandarini akasema tu, "Wangu alikaa wiki tatu. Kodi hiyo hiyo." Halafu bibi wa nyangumi akasema kakake, lakini yeye aliiba kweli. Tukacheka, Ammi pia. Yule kijana akatoa simu akaomba ruhusa arekodi, wakamkatalia, kisha wakamruhusu, kisha wakamsahihisha kila alipodakia. Mizinga hatukuiona. Jua lilikuwa kali, mmoja keshaanza kisunzi, na mimi nilikuwa na hamu ya kumtoa kila mtu akiwa mzima.

Nje tulinunua viazi karai na madafu. Nilikuwa nakusanya vipande vya tikiti nimpe mamangu kwa hesabu zake, maana haruhusu senti ipite bila karatasi. Nikafika kwa Ammi.

"Hii siitoi," akasema.

Mamangu akasikia. Nikangoja aanze, kwa sababu kwa mambo ya hesabu hana shemeji wala ndugu. Akalifungua daftari lake, akaandika, akalifunga.

Ammi akaikunja tikiti mara nne, akavua kofia, akaitia ndani, akaivaa tena. Akaniomba pilipili.