Ndafu, DJ na betri moja

Jana kitinda mimba wangu alikuwa amekaa juu ya gunia la mkaa akinitazama nakaza nati za betri ya trela langu la kuchomea nyama kwenye shughuli za watu, akauliza: “Mama, nyama si inachomwa na mkaa? Sasa umeme wa nini?” Nikamjibu jibu la mama aliye kazini, yaani nilimtuma maji ya kunywa. Lakini swali lile lilinirudisha moja kwa moja kwenye sendofu ya Mbezi, Dar es Salaam, sherehe ya kumuaga bi harusi, Novemba 2023, ambayo wengi wenu mmeshaisikia kwa vipande, na kila msimuliaji ana yake. Leo chukueni ya kwangu.

Mnaikumbuka ile miezi. Mvua za El Niño zinamwagika mpaka barabara zinapitika kwa kuombea, na bado umeme ni wa mgao. Watu walikuwa wanaulizana haya maji yote yanakwenda wapi kama si kwenye mabwawa. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere, megawati 235, ulikuja kuingia kwenye gridi Februari 2024. Heri yao waliooa Machi.

Trela lilikuwa limetoka kwa wachomeleaji wa mtaa wa Gerezani, bado linanuka rangi. Fundi umeme niliyempata ni mzee mmoja mpole, maneno yake ya kuhesabu. Wenzake niliowaita kabla walianza na bei ya jenereta. Yeye alianza na swali: “Mama, kitu gani kikizimika unarudisha hela ya watu?”

Nikakaa nikawaza. Friza ikizima saa mbili tatu na hakuna anayeifungua, nyama haina habari. Blenda ya pilipili ikizima, kinu kipo. Lakini ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, isipozunguka, ubavu mmoja unaungua na mwingine unatoa damu, na hapo hakuna maelezo utakayompa mwenye shughuli. Mkaa usipopulizwa siku ya mvua unalala. Na taa zikizima mchomaji haoni paja limefika wapi, anabaki kulibonyeza kwa kidole.

Basi hivyo vitatu fundi akavitoa kabisa kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Ndafu akaifungia mota ya waipa aliyoiokota kwenye spea za magari yaliyokatwa, akaipitishia mnyororo wa baiskeli ili mbuzi azunguke taratibu. Feni ya mkaa ni blowa ya gari. Taa ni za LED. Vyote vinakula volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri, kila kimoja na fyuzi yake. Inveta ya wati 1,000 ikabaki na friza, blenda na soketi moja ya kuchajia simu na mashine ya risiti. Waya wa kuunganisha betri na inveta nilimlalamikia bei, maana ni ule ule mnene wa mashine ya kuchomelea. Akaniambia wati 1,000 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 80, nikiweka mwembamba nitakuwa na moto wa pili ndani ya trela, na huo hauchomi nyama.

Betri ilikuwa moja ya jeli, ampea-saa 200. Kwa hesabu ya darasani hizo ni wati-saa 2,400. Fundi akazikata nusu pale pale: betri ya aina ile ukiikausha kila shughuli, unanunua nyingine kabla hujamaliza deni lake. Zikabaki 1,200. Akaandika kwa chaki kwenye bati: taa wati 30, mota 40, feni 60 ila si muda wote, friza 150 ila kompresa inawaka na kupumzika. Shughuli ya saa sita inaondoka na kama 1,100. “Umeme wa betri ni maji ya ndoo, mama, si ya bomba,” akasema. “Ukimgawia jirani kata moja, ujue ni kata yako.”

Juu ya paa tukaweka paneli ya sola, ambayo kwenye trela la nyama ina adui yake: moshi wenye mafuta unaganda kwenye kioo mpaka uufute kwa maji ya moto na sabuni. Na kulikuwa na kajenereta kadogo, kale ka kuchanganya petroli na oili, ka kuongezea betri chaji tukizidiwa. Fundi alikapa sharti moja: kakae mbali na watu, pasipo paa, upande upepo unakokwenda.

Sasa Mbezi. Tulipaki mchana, mbuzi akaanza kuzunguka, mishikaki ikatoka, soda zikazunguka, hapo sina cha kusimulia. Saa mbili usiku umeme ukaondoka kama ratiba ya mgao ilivyosema. Jenereta la ukumbi likaitika, watu wakapiga makofi, likazima. Likawashwa tena, likazima tena. Kijana wa ukumbi akaja na tochi akasema dizeli imeingia maji.

Ukumbi mzima giza, mvua inapiga turubai, na pembeni kabisa, karibu na choo cha wanaume, trela langu linawaka taa zote. Mbuzi anazunguka. Wageni wakaanza kusogea taratibu na viti vyao, mmoja mmoja, mpaka sehemu ya wachomaji ikawa ndiyo meza kuu.

Mwenyekiti wa kamati akaja. Suti imelowa mabegani, mkononi ameviringisha ekstensheni ya rangi ya chungwa.

“Mama, shikamoo.” Nikajua ana shida, kwa sababu mwenyekiti ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi. “Naomba umeme kidogo tu. MC aongee.”

“Kidogo kiasi gani, mwenyekiti?”

“Maiki tu, mama. Maiki inakula nini?”

Plagi ya ekstensheni ilikuwa inaning'inia, inadondosha maji. Nikaichukua nikaifuta kwa aproni, pini kwa pini, taratibu sana, kwa sababu nilikuwa nahesabu. Nikatazama kile kioo kidogo cha inveta. Nikatazama friza. Mwenyekiti naye akatazama huko huko ninakotazama, macho yake yakaangukia jenereta langu lililofunikwa nailoni chini ya trela.

“Si hilo hapo? Tuliingize chini ya tenti, tuliwashe.”

Nikamwambia moshi wa jenereta hauulizi kama ni sherehe. Kila mwaka tunasikia watu waliolala na jiko la mkaa ndani wasiamke, na hapa tuna mkaa tayari, tuongeze na petroli, tenti limeshushwa kuta kwa ajili ya mvua? Na kuliwasha nje kwenye maji yale nani angeshika swichi? Mwenyekiti akanyamaza, lakini mkono wake wenye ekstensheni haukushuka.

Hapo ndipo mama wa bi harusi mtarajiwa akafika, sare ya kitenge, viatu mkononi. Hakupandisha sauti. “Mwanangu,” akaniambia, “wakwe wametoka Moshi tangu jana. Wasije wakala ndafu gizani kwangu.”

Nikachomoa friza. Nikamwambia mchomaji akae juu ya mfuniko wake na asinyanyuke hata aje nani kuomba soda ya baridi. Nikachomeka ekstensheni, nikamtazama mwenyekiti machoni: maiki, mixa na spika moja. Akasema, “Moja, mama, Mungu shahidi.”

MC akarudi hewani. Kioo kikasoma wati 90. Akiongea kawaida 110, akipiga kelele “wapi vigelegele!” 180. Sijawahi kumsikiliza MC kwa makini kiasi kile. Akaanza kuipamba ndafu, mbuzi aliyelelewa, mbuzi aliyetulia, naye mbuzi mwenyewe yuko nyuma yangu anang'aa mafuta, jani la kumtia mdomoni tumeshaliosha. “Mabibi na mabwana, naomba tusimame wote tuipokee...”

Kioo kikaruka 640. Nikainua mkono, sijui nilitaka kumzuia nani. Kikaruka 1,300. Inveta ikalia tiiiii, ikafa.

MC akabaki anachezesha midomo. Na katika ule ukimya mtu yeyote aliyekuwepo atakwambia alichosikia: mota ya waipa, nyii, nyii, nyii. Taa za trela hazikupepesa hata kidogo. Mbuzi alikuwa anazunguka. Mzee mmoja wa upande wa wakwe akasema kwa sauti, “Huyo mbuzi ana luku yake.”

Nikavua viatu nikaifuata ekstensheni kwenye tope mpaka mwisho wake. Nikakuta imezaliana. Kwenye soketi ya maiki pamepachikwa nyingine, na kwenye hiyo, spika la besi la DJ, refu kunizidi kiuno.

“Dada yangu, nilijaribu moja tu,” akasema DJ.

Sikumjibu. Nilichomoa nyaya zake zote nikazikusanya kwenye mfuko wa aproni, plagi zikaning'inia nje, nikarudi nazo kwenye trela. Inveta ikawaka. Ndafu ikaingia imebebwa kwenye meza na vijana wanne, chini ya miavuli, na wimbo wa kuiingizia ulitoka kwenye simu ya MC aliyoigandisha kwenye maiki. Ulisikika vibaya mno. Wakwe walicheza.

Umeme ukarudi saa nne ikiwa imepita kidogo. DJ akaja kuomba nyaya zake kwa adabu kubwa, kisha akalipiza kisasi mpaka saa saba. Nilipopima, betri ilikuwa volti 12.1, na fundi alishaniambia nisiivushe chini ya 12. Nyama ya kwenye friza ilikuwa bado jiwe.

Siku ya kumalizia malipo, kamati iliniomba punguzo kwa sababu ukumbi uliwaangusha. Mwenyekiti alilisema hilo huku akinishukuru kwa umeme, sentensi moja.

Fundi nilipomsimulia hakucheka. Akasema ningekataa. Kama friza ingekuwa na samaki, kama umeme ungerudi alfajiri, leo ningekuwa nasimulia mengine. Mama wa bi harusi naye mpaka leo ananiletea wateja, kila mmoja ameambiwa kwamba mimi ndiye niliyemfichia aibu. Nimejaribu kuamua nani kati yao ana haki, nikiwa nakatakata vitunguu hasa, sijafika popote.

Nilichobadilisha ni betri. Hii ninayoifunga sasa ni ya lithiamu, ampea-saa 100 tu, lakini unaitumia karibu yote bila kuiua, kwa hiyo kazi yake inakaribiana na ya ile kubwa. Ile ya jeli ilinyanyuliwa na wanaume wawili, hii naibeba mwenyewe. Chaja ilibidi nayo ibadilishwe, hizi hazichajiwi kwa mpangilio wa zile. Na soketi ya wageni sasa ina breka yake ndogo, ikizidiwa inajizima yenyewe bila kugusa kitu kingine.

Na simu zinaingia. Siku hizi mtu anauliza kwanza, “Ni lile trela la taa?” ndipo aulize kilo ya mbuzi. Wiki iliyopita mama mmoja wa Goba ameniomba bei ya kuleta trela kwenye arobaini ya mjukuu wake, umeme tu, nyama wanayo wenyewe. Nikamwambia nitampigia. Bado sijampigia.